Taa za LED kwenye banda la gari: Namna ya kutambua hitilafu za nyaya na hatua za kuchukua

Wananchi wanaoondoa tyubu za floresenti kwenye mabanda ya magari, stoo na varanda ili kuweka taa za LED wakati mwingine hukutana na jambo wasilolitarajia. Taa mpya hubaki na mwanga hafifu hata baada ya swichi kuzimwa, au humetameta, au breka hukata umeme mara tu taa inapowashwa. Lawama huelekezwa kwa taa, ikarudishwa dukani na kubadilishwa na nyingine, lakini tatizo likabaki pale pale. Mara nyingi chanzo ni nyaya zilizofungwa miaka mingi iliyopita, na taa mpya imeufichua tu upungufu huo.

Makala haya yanaeleza dalili hizo, maana yake na hatua zinazopaswa kuchukuliwa, kwa kuzingatia nyumba zinazotumia umeme wa volti 230 kama ilivyo nchini Tanzania.

Sababu za mabadiliko

Faida ya taa za LED ipo kwenye matumizi. Tyubu ya floresenti ya futi 4 yenye wati 36, ikiwashwa saa 6 kila siku, hutumia takribani uniti 6.5 kwa mwezi wa siku 30, bila kuhesabu umeme unaotumiwa na choki. Tyubu ya LED ya wati 18, kwa muda huo huo, hutumia takribani uniti 3.2.

Sababu ya pili ni mazingira. Tyubu za floresenti zina zebaki, ambayo ni sumu. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu Zebaki, Tanzania ikiwa miongoni mwao, zilikubaliana mwaka 2023 mjini Geneva kukomesha utengenezaji na biashara ya kimataifa ya tyubu hizo kwa matumizi ya kawaida ya mwanga ifikapo mwisho wa mwaka 2027. Kwa hiyo mabadiliko haya yatazifikia kaya nyingi, na ni vyema yafanyike kwa usalama.

Kabla ya kugusa taa

Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi. Zima breka ya taa au meni swichi, kisha mjulishe kila aliyepo nyumbani ili asiiwashe. Nyumba yenye jenereta au umeme wa jua wenye betri inapaswa kuzima pia chanzo hicho, kwa kuwa nyaya zinaweza kubaki na umeme ingawa meni swichi imezimwa.

Fundi hupima kwanza testa yake mahali panapojulikana kuwa na umeme, kisha hupima kwenye holda ya taa, na mwisho hurudia kipimo cha kwanza. Kwa njia hiyo huthibitisha kuwa ukimya wa testa hautokani na ubovu wa testa yenyewe. Rangi ya waya peke yake si uthibitisho. Nyumba za zamani hutumia nyekundu kwa waya wa moto na nyeusi kwa nyutro, nyumba mpya hutumia kahawia na buluu, na zipo nyumba zilizoongezwa vyumba ambazo zina rangi zote nne.

Dalili ya kwanza: Taa imezimwa lakini bado ina mwanga

Taa ya LED huhitaji umeme mdogo sana ili kutoa mwanga. Kiasi ambacho taa ya zamani isingekionyesha, hii hukionyesha. Sababu kuu ni tatu.

Sababu ya kwanza, ambayo ni ya hatari zaidi, ni swichi kukata nyutro badala ya waya wa moto. Katika hali hiyo taa huzimika, lakini holda hubaki na umeme kamili. Mtu anayepanda ngazi kubadilisha taa akiamini kuwa ameizima anaweza kupigwa na umeme wa volti 230. Anayeona dalili hii asiguse taa hiyo hadi breka izimwe na fundi ahamishe waya wa moto ili upitie kwenye swichi.

Sababu ya pili ni swichi yenye kitaa kidogo cha kuonyesha mahali ilipo gizani, au kihisi cha mwendo au cha giza. Vifaa hivyo hupitisha umeme kidogo kwenye taa hata vikiwa vimezima. Tiba ni kuweka swichi isiyo na kitaa au kihisi kinachofaa kwa taa za LED.

Sababu ya tatu ni waya mrefu wa swichi uliolazwa sambamba na waya wenye umeme, kwa mfano kutoka nyumba kubwa hadi kwenye banda lililo uani. Umeme kidogo hujipenyeza kutoka waya mmoja hadi mwingine bila kugusana. Hali hii kwa kawaida haina hatari, lakini ni fundi anayepaswa kuthibitisha kuwa ndiyo sababu halisi.

Dalili ya pili: Taa humetameta

Ikiwa ni taa moja inayometameta, kagua kama inafaa kwa fremu iliyopo, kisha fundi akaze viungio vyake. Swichi ya kupunguza mwanga iliyotengenezwa kwa taa za zamani pia husababisha hali hii.

Ikiwa taa kadhaa humetameta kwa pamoja, au baadhi huongeza mwanga wakati nyingine zinafifia, huenda nyutro imelegea. Zima meni swichi bila kuchelewa, kwa sababu katika baadhi ya mifumo hali hiyo inaweza kupandisha volti na kuunguza friji, televisheni na vifaa vingine. Kasoro ikiwa kwenye waya unaotoka nguzoni hadi kwenye mita, toa taarifa TANESCO. Ikiwa ni baada ya mita, ni jukumu la mwenye nyumba kumwita fundi.

Dalili ya tatu: Breka hukata umeme

Tyubu za LED hazifungwi zote kwa namna moja. Zipo zinazofanya kazi pamoja na choki ya zamani, zikiambatana na stata yake maalumu. Zipo zinazohitaji choki, stata na kapasita viondolewe ili umeme uingie moja kwa moja. Miongoni mwa hizo za pili, baadhi hupokea waya wa moto na nyutro kwenye ncha moja, na nyingine hupokea kila waya kwenye ncha yake. Tyubu ya aina moja ikiwekwa kwenye fremu iliyofungwa kwa aina nyingine inaweza kuleta shoti. Soma mchoro uliobandikwa kwenye tyubu au boksi lake kabla ya kuifunga.

Tyubu inayopokea umeme kwenye ncha mbili isipachikwe kamwe umeme ukiwapo, kwani ncha moja ikishaingia, pini za ncha ya pili zinaweza kuwa na umeme mkononi mwa anayeishika.

Breka ikikata hasa wakati wa mvua, yaelekea maji yameingia kwenye fremu au kwenye kiungio. Banda lililo wazi linahitaji taa iliyotengenezwa kuzuia maji na vumbi. Usirudishe breka mara kwa mara kwa matumaini kwamba itatulia, na usiweke breka kubwa zaidi ili kuikomesha kukata. Breka hulinda nyaya zisipate moto.

Baada ya kazi kukamilika

Fremu iliyoondolewa choki iandikwe wazi kuwa inapokea tyubu ya LED pekee pamoja na aina yake, ili mpangaji au fundi ajaye asiweke tyubu isiyofaa. Tyubu za zamani zisivunjwe wala kuchomwa. Ikipasuka, watu watoke chumbani, madirisha yafunguliwe kwa dakika 10, kisha vipande vikusanywe kwa karatasi ngumu na kuwekwa kwenye chombo kinachofungika. Usitumie ufagio wala mikono mitupu.

Wananchi wanashauriwa kununua taa zenye alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) na kudai risiti. Kwa kazi yoyote inayohusu kuhamisha waya au kufungua fremu, atumike fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) kwa upande wa Tanzania Bara, na mwenye nyumba anayo haki ya kuomba kuiona leseni hiyo kabla kazi haijaanza.