Amani Ilianzia Sokoni

Uliza mtu yeyote Umoja ama Kayole amani ilirudi lini 2008. Atakwambia ni tarehe 28 Februari, Kibaki na Raila waliposhikana mikono nje ya Harambee House. Sawa. Lakini kama historia yote ni ile picha, basi sisi wa mtaa kazi yetu ni kungoja wakubwa waelewane.

Mimi chuo sikumaliza, na hii historia sikuipata darasani. Inaanzia Wajir.

Mwaka 1992, ukame ukiwa umemaliza mifugo na bunduki zikiingia kutoka Somalia baada ya Siad Barre kuanguka, koo za Wajir zilianza kuuana. Vita vikafika sokoni. Mama wa ukoo huu akawa hawezi kumuuzia wa ukoo ule. Piga picha Gikomba ikigawanywa hivyo.

Mwaka 1993, wanawake wachache waliokutana kwenye harusi, Dekha Ibrahim Abdi akiwa mmoja wao, walianza kuongea. Hawakuandika mkataba. Walienda kwa wauzaji, wakakubaliana kwamba soko ni la kila mtu, halafu wakaweka kamati ya akina mama ya kulinda hayo makubaliano. Ukimfukuza mteja kwa sababu ya ukoo wake, unaitwa kujibu.

Soko lilipotulia ndipo wakafuata wazee, na wazee wakatoa Azimio la Al Fatah mwaka huohuo. Kufikia 1995 kamati yao ya amani ilikuwa imeingia kwenye mipango ya serikali ya wilaya. Akina mama wa sokoni sasa walikuwa wanasikizwa kuhusu usalama, pale ambapo zamani ni polisi na wazee tu walisikizwa.

Haikuwa dawa ya kila kitu. Mwaka 1998 mauaji ya Bagalla yaliwarudisha kazini tena.

Halafu ikafika zamu ya Nairobi. Mathare ikiwaka baada ya uchaguzi wa 2007, Dekha, pamoja na Bethuel Kiplagat, Daniel Opande, Lazaro Sumbeiywo na George Wachira, walianzisha Concerned Citizens for Peace. Kila asubuhi watu walikutana hoteli ya Serena kupanga la kufanya siku hiyo. Kwenye meza ya Kofi Annan pia kulikuwa na Graça Machel, Martha Karua na Sally Kosgei. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa.

Dekha alifariki 2011. Hayumo kwenye ile picha ya Harambee House, na wengi wa rika langu hawajawahi kusikia jina lake.

Kura nyingine ni 2027. Tutabishana sana nani atasalimiana na nani. Mimi nataka kujua hivi: kelele zikianza, nani ataenda kibanda kwa kibanda, kutoka Huruma hadi Dandora, kuhakikisha kila mtu anauziwa unga? Hao watu wanafaa kujuana kuanzia sasa.