Uhuru na Umoja, Meli Zilizopakia Garimoshi

Ukiishi Kitengela unazoea malori. Barabara ya Namanga hailali. Mengine yanashuka kuelekea Arusha, mengine yanarudi na vitunguu na mahindi, na sisi tuko ndani ya matatu katikati yao, tumekwama kwenye jam, kila mtu na simu yake.

Siku moja nilikuwa nikilalamika juu ya malori haya mbele ya jirani yetu, mzee aliyestaafu kutoka reli. Akaniacha nimalize, halafu akasema, "Zamani behewa lingetoka Mombasa lifike Mwanza bila mlango kufunguliwa."

Nikamwambia, "Lakini mzee, si hapo katikati kuna ziwa?"

Akacheka. "Lilivuka juu ya meli, kijana. Na magurudumu yake."

Mimi chuo nilikiacha mwaka wa pili, kwa hivyo hakuna mwalimu wa kunituma maktaba. Nilijituma mwenyewe. Kumbe mzee hakuwa akinichezea.

Reli ya kutoka Mombasa ilifika Ziwa Victoria mwezi wa Desemba 1901, mahali ambapo wakoloni walipaita Port Florence, Kisumu ya leo. Ikaishia hapo, kwenye maji. Ng'ambo zilikuja reli nyingine: Port Bell ikaunganishwa na Kampala, na mwaka 1928 reli ya kati ya Tanganyika ikafika Mwanza. Lakini kati ya reli na reli kulikuwa na ziwa. Mzigo ulishushwa kwenye behewa, ukabebwa hadi kwenye meli, ukavushwa, ukashushwa tena, ukapakiwa tena kwenye behewa lingine. Kila gunia lilipita mikononi mwa watu wengi, na kila mkono ni gharama. Hapo sijataja yale yaliyoloa au yaliyopotea njiani.

Dawa ya shida hii ilikuwa imegunduliwa zamani. Mwaka 1850 Waskoti waliweka reli juu ya sitaha ya meli iliyoitwa Leviathan, wakaanza kuvusha mabehewa mazima kwenye mlango wa mto Forth. Wazo hilo likafika Afrika mapema. Huko Misri, treni ya kutoka Alexandria kwenda Cairo ilivushwa mto Nile kwa feri pale Kafr el-Zayyat. Mwaka 1858 behewa lilitumbukia mtoni kutoka kwenye feri hiyo, na Ahmad Rifaat, mrithi wa utawala wa Misri, akafa maji. Muda mfupi baadaye daraja likachukua nafasi ya feri.

Sisi hatungeweza kujenga daraja la kutoka Kisumu hadi Mwanza. Kwa hivyo katika miaka ya 1960, Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki liliagiza meli mbili kutoka kwa kampuni ya Yarrow ya Glasgow. Ziliundwa kule, zikafunguliwa vipande vipande, zikasafirishwa hadi Mombasa, zikapanda treni hadi Kisumu na kuunganishwa upya. Yaani treni ilizibeba kwanza, kabla hazijaibeba yenyewe. Moja ikaitwa Umoja, nyingine Uhuru. Kila moja iliweza kupakia mabehewa karibu 20, na behewa moja linameza mzigo unaozidi wa lori moja. Hesabu mwenyewe ni malori mangapi hayo.

Kazi yenyewe inahitaji utulivu. Meli inasogea gatini ikitanguliza upande wenye mlango, kisha daraja fupi lenye reli linashushwa mpaka reli za nchi kavu na za meli zikutane sawasawa. Daraja hilo lazima liweze kupanda na kushuka kwa sababu ziwa halikai mahali pamoja: mvua za mwanzo wa miaka ya 1960 zililiinua zaidi ya mita mbili. Injini haiingii melini. Inasukuma tu, mabehewa machache upande huu, machache upande ule. Ukijaza upande mmoja meli inalala. Mwishowe magurudumu yanafungwa kwa minyororo, safari inaanza.

Lakini chuma peke yake hakingetosha. Ili behewa la Mombasa likubalike Mwanza na Jinja, reli zote zilihitaji upana mmoja, mita moja, na kuwe na mtu mmoja wa kusema behewa ni la nani, nani alitengeneze likiharibika, nani alipwe. Mtu huyo alikuwa shirika la pamoja. Hata reli ya Magadi, ile inayotoka Konza na kupita Kajiado mjini kubeba magadi tangu enzi za Vita vya Kwanza vya Dunia, ina upana huo huo. Behewa lililosimama Kajiado lingeweza kupanda Uhuru na kushukia Tanzania.

Halafu ukaja mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na mali ikagawanywa kama ya ndoa iliyoharibika. Uhuru ikabaki Kenya. Umoja ikaenda Tanzania. Nimejaribu kutafuta namna ya kusema hivyo bila kusikika kama nimetunga, lakini ndivyo ilivyokuwa. Tanzania ikafunga mpaka, na Namanga, huku kwetu Kajiado, pakabaki pamefungwa hadi 1983.

Uganda nayo ikajinunulia meli zake tatu za mabehewa kutoka Ubelgiji: Kabalega, Pamba na Kaawa. Mei 2005 Kabalega na Kaawa ziligongana ziwani. Kabalega ikazama. Meli mbili za nchi moja, kwenye ziwa kubwa kuliko yote Afrika. Miaka iliyofuata Uhuru nayo ikaegeshwa Kisumu, ikaota kutu, na mzigo ukahamia barabarani. Malori yakawa ndiyo reli yetu.

Siku hizi kuna dalili za uhai. Mwaka 2018 Umoja ilianza tena kupeleka mabehewa Port Bell kutoka Mwanza. Mwisho wa 2019 Uhuru ikarudi majini baada ya ukarabati, ikabeba mafuta kwenda Uganda. Hata meli mpya, Uhuru II, imeundwa Kisumu kwenyewe.

Ila kuna jambo linalonisumbua. SGR inapita karibu na sisi hapa, upande wa Athi River. Upana wake ni milimita 1,435, na tangu 2019 imeishia bonde la Naivasha. Reli zilizo juu ya sitaha ya Uhuru ni za mita moja. Behewa la SGR haliwezi kuipanda hata ukilisukuma namna gani. Mzigo wa ziwani lazima ushushwe, upakiwe tena kwenye treni ya zamani, ndipo uende Kisumu. Tumetumia mabilioni, tukarudisha ile kazi ya kupakua na kupakia ambayo meli hizi zililetwa kuimaliza.

Nilimpelekea mzee maneno haya, nikidhani nimemletea jipya. Akanisikiliza, akanywa chai yake. Kisha akaniuliza swali moja tu: "Hao waliopima reli mpya, waliwauliza wenye meli?"

Sikuwa na jibu. Nje malori ya Namanga yalikuwa yanapita, moja nyuma ya jingine.