Mwanga Usioshuka Njiani

Neno "simu" tulilipata kwa Waajemi. Kwao "sim" ni waya. Mababu zetu waliposema fulani kapiga simu, hawakuwa na maana ya mtu aliyeweka kifaa sikioni. Walimaanisha telegramu: mtu kaenda posta, kahesabu maneno, kalipa, karani kayagonga. Sisi wapenda maandishi tuna sababu ya kuikumbuka historia hiyo, maana hapo ndipo bei ya waya ilipoanza kuingia ndani ya sentensi.

Mwaka 1879 kebo ya telegrafu iliyolazwa chini ya bahari iliiunganisha Zanzibar na Aden kwa upande wa kaskazini, na Msumbiji na Durban kwa upande wa kusini. Moyo wake ulikuwa shaba, ikavikwa utomvu mgumu wa mti ili maji ya chumvi yasiiguse. Lakini ujumbe wa kwenda London haukuteleza moja kwa moja mpaka mwisho. Umeme ulififia njiani, kwa hiyo kituoni karani aliusoma ujumbe, akauandika, kisha ukagongwa upya kuelekea kituo kinachofuata. Kila kituo kilikuwa na nyumba, betri na mishahara, na gharama zote zilimrudia mtumaji, aliyelipa kwa kila neno. Basi watu wakajifunza kuandika "Mama mgonjwa njoo". Hakuna shikamoo, hakuna habari za huko. Adabu nzima ya barua ya Kiswahili iliachwa kaunta kwa sababu ilikuwa ghali.

Nikiitazama miaka karibu 150 iliyopita tangu hapo, naona kazi moja iliyofanywa kwa namna nyingi: kuwaondoa makarani njiani. Yeyote anayepanda daladala anaijua hesabu hii. Gari moja, nauli moja. Ukishuka katikati ukapanda lingine, unalipa tena.

Mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham, wakifanya kazi Uingereza, waliandika kwamba uzi wa kioo ungeweza kubeba mazungumzo kwa njia ya mwanga, ili mradi kioo kisafishwe. Lengo lao linaonekana dogo: baada ya kilomita 1, ibaki walau asilimia 1 ya mwanga ulioingia. Kioo cha wakati ule kilikuwa kinameza kiasi hicho ndani ya mita 20 hivi. Mwaka 1970 watafiti wa Corning, Marekani, walilifikia lengo na kulipita. Leo mwanga ukiingia kwenye uzi mzuri hapa Pasiansi, utatembea kilomita zipatazo 15 ndipo upungue nusu.

Hata hivyo karani hakuondoka. Kebo ya kwanza ya mwanga kuvuka Atlantiki, TAT-8, ilianza kazi mwaka 1988 ikiwa na makarani wa kielektroniki chini ya bahari. Kila baada ya umbali fulani mwanga ulishushwa ukawa umeme, ukasafishwa, ukapandishwa tena kuwa mwanga. Umeme wa kuviendesha visanduku hivyo ulisukumwa kutoka nchi kavu. Ubaya zaidi, kila kisanduku kilijua mwendo mmoja tu. Ukitaka kasi kubwa zaidi, ilibidi ulaze kebo nyingine.

Dawa ilikuwa imeanza kupatikana mwaka mmoja kabla. Mwaka 1987 kundi la David Payne katika Chuo Kikuu cha Southampton lilionyesha uzi wa kioo uliotiwa chembe za erbiamu. Uzi huo ukichochewa na leza ndogo, mwanga hafifu unaopita ndani yake unatoka na nguvu mpya bila kugeuzwa umeme. Na rangi nyingi za mwanga, kila moja na mzigo wake, hukuzwa pamoja. Abiria kapewa maji dirishani, gari halikusimama. Gharama ya kifaa kimoja na umeme wake ikagawanywa kwa mamilioni ya mazungumzo.

Kwetu faida hiyo ilichelewa. Intaneti yetu kwa sehemu kubwa ilipanda kwenye setilaiti, kilomita karibu 36,000 juu, ikashuka tena, mpaka SEACOM ilipowashwa Julai 2009 na EASSy ikafuata mwaka 2010. Oktoba ya 2009 hiyohiyo, Kao alitangazwa mshindi wa Nobel ya fizikia. Mwaka huo pia ndio ulioanza ujenzi wa Mkongo wa Taifa, ambao TTCL inausimamia. Hiyo ndiyo njia ya kuutoa mwanga baharini na kuuleta huku ziwani, safari inayozidi kilomita 1,100 kutoka Dar kwa barabara. TANESCO nayo ina njia kuu ambazo waya wa juu kabisa, ule wa kukinga radi, umebeba nyuzi za kioo tumboni. Nguzo moja, kazi mbili.

Sasa karani wa mwisho yuko wapi? Yuko mtaani. Kwenye mnara mwanga unageuzwa umeme, umeme unageuzwa mawimbi ya redio, na mnara unadai umeme wa gridi, betri na jenereta. Kipindi cha mgao wa mwishoni mwa 2023, wati ya karani huyu haikuwa habari ya wahandisi peke yao. Ndiyo maana naipenda faiba inayoingia nyumbani. Uzi mmoja hufika mtaani, kisha kigawanyaji kidogo cha kioo kinaugawa mwanga kwa nyumba 32 au hata 64. Kigawanyaji hicho hakina betri wala feni, na hakijui LUKU ni nini. Umeme unahitajika miisho miwili tu, kituoni na sebuleni kwako.

Vita hiyohiyo inapiganwa leo ndani ya vituo vikubwa vya data. Kichomekwa kimoja cha gigabiti 800 kwa sekunde hula wati zipatazo 15, zaidi ya taa ya LED ya sebuleni, na humo vimo maelfu. Sehemu kubwa ya wati hizo huliwa na chipu inayosafisha umeme kabla haujawa mwanga. Wengine wanaiondoa kabisa. Wengine, kama NVIDIA ilivyotangaza Machi 2025, wanausogeza mwanga ubavuni mwa chipu kuu ili umeme usitembee mbali.

Nauli inaposhuka kwa mwenye gari, haishuki yenyewe kwa abiria. Hilo tunalijua kila tunaponunua bando. Lakini bila kumwondoa karani, hata mabishano ya bei hayaanzi. Na yanatuhusu sisi tunaoandika, kwa sababu msomaji anayehesabu MB husoma kama yule mtumaji wa telegramu alivyoandika: anaruka salamu, anatafuta nani mgonjwa.