Ada, Ujira na Bakshishi

Wazee wetu wa pwani waliijua ada ya arusi. Bwana arusi alitoa kifungua mlango, kungwi akapewa haki yake. Kila kitu kilikuwa na jina na mwenyewe, wala hapakuwa na aliyeshtukizwa.

Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa pwani waliingia Usukuma na desturi zao. Kisha ikaja mali ya ardhini: almasi ya Mwadui, Shinyanga, mwaka 1940; na dhahabu ya Geita, ambako mgodi wa zamani ulifungwa 1966 na mkubwa wa leo ukafunguliwa 2000. Fedha ya ghafla hupenda kuonekana. Ukumbini mwimbaji hutunzwa noti hadharani, na mbeba sinia husubiri nje usiku wa manane.

Tutenganishe basi. Ujira ni deni, Mtume (S.A.W.) ametufunza tuuharakishe. Ada ya huduma itajwe kabla ya mapatano, na uulize inamfikia nani. Bakshishi ni hisani: hailazimishwi, wala hailipi deni la mshahara.

Kabla hujamtunza mwimbaji, uliza: aliyeosha masufuria amekwisha kulipwa?