Herufi moja iliyoua video ya harusi

Wasee mnaouliza video ya harusi iko wapi: laptopu imejizima mara nne nikiihariri. Niliagiza RAM ya GB 8 kutoka Garissa, ikaletwa na basi mpaka hapa Kutulo, nikaipachika kando ya ile ya zamani ya GB 4. Nilijiona mkubwa. Jioni skrini ikageuka buluu, kazi ya saa tatu ikaenda.

Kila mtu akalaumu joto. Kuna ukweli kidogo.

Kitambo kompyuta zilihifadhi kumbukumbu kwenye vipete vidogo vya sumaku. Stima ikipotea, kumbukumbu inabaki. Mwaka 1966 mhandisi wa IBM, Robert Dennard, akawaza njia rahisi zaidi: transista moja na kapasita moja kwa kila biti. Hataza aliipata 1968. Noma ni kwamba kapasita huvuja, kama jerikeni lenye tundu, kwa hivyo lazima ijazwe tena na tena. RAM za DDR3 hujazwa upya kila milisekunde 64. Joto likipanda sana, zinavuja haraka zaidi. Stima ikipotea, kwisha.

Lakini mimi niliangushwa na volti. Mwaka 1974, Dennard huyohuyo na wenzake walionyesha kwamba transista zikipunguzwa ukubwa, volti pia zinaweza kushushwa. Ndiyo maana DDR ya kwanza ilitumia volti 2.5, DDR2 1.8, DDR3 1.5. Kila kizazi kilikatwa pengo lake mahali tofauti, ili usichanganye. Kisha 2010 ikaja DDR3L ya volti 1.35, na hiyo wakaiachia pengo lilelile la DDR3! DDR3L inavumilia 1.5, sawa. DDR3 ya kawaida ukiipa 1.35 ni bahati nasibu. Inaingia vizuri, laptopu inawaka, halafu inakutupa katikati ya kazi. Walahi hapo walitumaliza.

Nikachomoa zote mbili nisome lebo. Ya zamani: PC3L. Mpya: PC3. Nikazipima moja moja kwa Memtest86, programu iliyoandikwa na Chris Brady mwaka 1994. Ya zamani haikutoa kosa hata moja. Mpya ikajaza skrini rangi nyekundu.

Aliyeniuzia amekubali kubadilisha, ila nauli ni juu yangu. Kwa sasa nimerudi GB 4, laptopu inakokota kama punda mgonjwa lakini haizimi. Bibi harusi, nipe mpaka Ijumaa.