Nywila Zilizosafiri Uchi

Ufukwe wa Yiti, kusini-mashariki mwa mji wa Muscat, unatazama Ghuba ya Oman. Chini ya maji ya ghuba hiyohiyo umepita mkongo wa intaneti uitwao TEAMS, unaounganisha Mombasa na Fujairah. Ulifika pwani ya Kenya Juni 2009, una urefu wa kilomita 5,000 hivi.

Kabla ya hapo, sehemu kubwa ya intaneti ya Afrika Mashariki ilipitia setilaiti zilizo kilomita 36,000 juu. Fundi wa Nairobi au Dar es Salaam aliyetaka kuingia katika seva ya Ulaya kwa Telnet, itifaki iliyoanza 1969, alibonyeza herufi moja, ikapaa, ikashuka, ikarudi ndipo aione kwenye skrini. Zaidi ya nusu sekunde kwa kila herufi! Waliojifunza kazi kwa namna hiyo wanastahili heshima yetu.

Mafaili yalibebwa na itifaki nyingine, FTP, aliyoiandika Abhay Bhushan wa MIT mwaka 1971. Telnet inakuketisha mbele ya kompyuta ya mbali. FTP inapakia na kupakua tu, nayo ina njia mbili: poti 21 kwa maagizo, na nyingine kwa mzigo wenyewe.

Ila zote mbili zilipitisha nywila wazi, kama barua isiyo na bahasha aliyokabidhiwa nahodha Muscat aifikishe Unguja: baharia yeyote ajuaye kusoma ataisoma njiani.

Mwaka 1995 wadukuzi walinasa nywila katika mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki. Tatu Ylönen, mtafiti wa hapo, akaandika SSH, inayosimba kila kitu, nywila ikiwemo. FTP ilishika poti 21 na Telnet 23. 22 ilikuwa tupu katikati, akaiomba, akapewa. Baadaye ikaja SFTP, na mafaili nayo yakapita ndani ya muunganisho uleule uliosimbwa. Kwangu mimi, kazi hiyo ina uzito kuliko mkongo wowote, maana mkongo uliongeza kasi tu.

Ukiingia seva kwa mara ya kwanza, SSH hukuonyesha alama ya ufunguo wa seva hiyo na kukuuliza kama unataka kuendelea. Wengi hujibu ndiyo bila kuitazama. Na ni alama hiyo inayomhakikishia mtu aliye Yiti kwamba amefika kwenye seva yake Mombasa, wala hajanaswa na aliyejipenyeza njiani.