Kisasi cha Roma, hukumu ya mwaloni

Mwezi ukijaa juu ya Ziwa Victoria, wavuvi wa dagaa hubaki nchi kavu. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta juu ya maji, na mbalamwezi huzinyima taa hizo nguvu. Basi nyavu huanikwa, mitumbwi huvutwa mchangani, na watu wa mwaloni, yaani ufukwe wanakotua wavuvi, hutafuta pa kumalizia jioni. Wengi huishia kwenye kibanda umiza: kuta za mabati, mabenchi ya mbao, runinga moja, spika mbili na jenereta inayonguruma nje.

Picha ikiwa ya kisasi, hakuna anayekaa kimya. Steringi, shujaa wa picha, akikuta mkewe ameuawa, benchi la mbele linampa pole na ushauri. Akienda polisi, benchi la nyuma linamwonya. Akishika bunduki, kibanda kinagawanyika: hawa wanasema amechelewa, wale wanasema angeiachia serikali. Adui anapoanguka, kesi imekwisha kusikilizwa na hukumu imetolewa, hata kama haifanani na ya mwongozaji.

Baraza hilo lina historia yake. Inapita Roma, Bombay, Dar es Salaam na vijiji vya Usukuma kabla ya kufika mwaloni. Naona inastahili kuandikwa, kwa sababu tumezoea kusema kwamba watazamaji wetu walivutwa na ngumi na risasi tu. Walivutwa na swali: mtu aliyedhulumiwa, na mlango wa haki umefungwa, afanye nini?

Kaboi kutoka Italia

Kabla ya vibanda kulikuwa na majumba ya sinema. Mjini Mwanza watu walikwenda Liberty na Tivoli. Filamu zenyewe zilikuwa mikanda mizito ndani ya makopo ya bati, ikizungushwa kutoka mji hadi mji, na reli ya Tabora ilikuwa imefika Mwanza tangu 1928.

Katika miaka ya 1960 Waitaliano waliingia kwenye biashara ya kaboi. Sergio Leone alitoa A Fistful of Dollars mwaka 1964. Sergio Corbucci akafuata na Django mwaka 1966, Franco Nero akiwa steringi. Kaboi hawa hawakuwa nadhifu kama wa Hollywood. Django anaingia mjini kwa miguu, akiburuta jeneza kwenye matope. Ndani ya jeneza mna bunduki ya rashasha, na moyoni mwake mna deni la mpenzi wake aliyeuawa.

Picha hizi zilienea Afrika, Asia na visiwa vya Karibiani. Katika The Harder They Come, filamu ya Jamaika ya mwaka 1972, kijana aliyetoka shamba anaitazama Django katika ukumbi uliojaa kelele, na mwenzake anamtoa wasiwasi kwamba steringi hawezi kufa kabla ya mkanda wa mwisho. Mtoto wa Kirumba au Mabatini, pale Mwanza, angeitambua kanuni hiyo bila mkalimani. Kwetu ilisemwa kwa maneno mawili: steringi hafi.

Lakini kwa wengi, kisasi cha Kiitaliano kilifika kimevaa nguo za Kihindi. Sholay ya Ramesh Sippy, iliyotoka 1975, ilijifunza mengi kwa Leone. Tukio la Gabbar Singh kuifyeka familia ya Thakur linafuata nyayo za mauaji ya familia katika Once Upon a Time in the West ya mwaka 1968. Sippy alipiga mwisho ambao Thakur, aliyekuwa afisa wa polisi na aliyekatwa mikono yote miwili na Gabbar, anamuua adui yake kwa miguu. India ilikuwa chini ya hali ya hatari, na wakaguzi wakaukataa mwisho huo: aliyewahi kuvaa sare ya polisi asionekane akijichukulia sheria mkononi. Ikabidi upigwe mwisho mwingine, polisi wafike na kumzuia.

Hapa nyumbani pia filamu zilikuwa na walinzi. Kampuni ya filamu ya taifa, TFC, iliundwa mwaka 1968 na baadaye ikapewa uingizaji na usambazaji. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo mengi ya kupangisha mijini, yakiwemo ya sinema. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 ikaweka utaratibu wa ukaguzi. Mkaguzi aliweza kukata kipande cha mkanda. Mjadala uliotoka na watu mlangoni hakuwa na mkasi wa kuufikia.

Raia anaasi

Wakati huo Italia yenyewe ilikuwa inatokota. Tarehe 12 Desemba 1969 bomu lililipuka ndani ya benki katika uwanja wa Piazza Fontana, Milano, na kuua watu 17. Ikafuata miaka ya utekaji, ujambazi na mauaji ya kisiasa, ambayo Waitaliano huiita miaka ya risasi. Mwaka 1978 Aldo Moro, aliyewahi kuwa waziri mkuu, alitekwa tarehe 16 Machi, na mwili wake ukapatikana Mei 9 ndani ya gari katikati ya Roma.

Kaboi wakavua kofia, wakapanda magari. Milano calibro 9 ya Fernando Di Leo, ya mwaka 1972, ilichimba ulimwengu wa majambazi. Mwaka 1974 Enzo G. Castellari alimrudisha Franco Nero katika filamu iliyoitwa kwa Kiitaliano Il cittadino si ribella, yaani raia anaasi. Ughaibuni iliitwa Street Law. Carlo, mhandisi wa mjini Genova, anakamatwa mateka katika uporaji wa posta na kupigwa vibaya. Polisi hawana haraka na kesi yake. Anaamua kuwasaka majambazi mwenyewe, na ili awafikie anamtumia Tommy, kijana mwizi mdogo anayeijua mitaa.

Wahakiki wengi wa Italia waliziponda filamu za aina hii. Walisema zinapigia debe ubabe na kuwafundisha raia kudharau sheria. Watazamaji walijaza kumbi. Kila upande ulikuwa na hoja, maana filamu moja iliweza kuonyesha polisi anayefungwa mikono na wakubwa zake na, dakika chache baadaye, raia anayegeuka kuwa kile alichokichukia.

Kesi zilizotangulia picha

Mkazi wa Mwanza wa miaka hiyo hakuhitaji kwenda Genova kulikuta swali hilo. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, vyombo vya dola viliendesha msako wa waliotuhumiwa kuua watu kwa imani za uchawi. Baadhi ya watuhumiwa walikufa mikononi mwa walinzi wa sheria wenyewe. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, waziri wa mambo ya ndani, alijiuzulu kubeba dhamana ya kisiasa. Walioua walikuwa wamevunja sheria, na waliotumwa kuilinda nao wakaivunja.

Kisha ikaja Vita ya Kagera ya 1978 na 1979. Silaha zilizagaa, wizi wa ng'ombe ukaongezeka, na kwa Msukuma ng'ombe ni akiba, mahari na heshima. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanavijiji wa Usukuma na Unyamwezi wakaanzisha sungusungu, ulinzi wao wenyewe. Mwano, yaani yowe la hatari, ukipigwa, wanaume walitoka na pinde na mishale, wakafuata nyayo za mifugo usiku kucha. Aliyepatikana na hatia alitozwa faini au kutengwa: hakuna wa kumsalimu wala kumpa moto wa kuwashia jiko. Mwalimu Nyerere na chama tawala waliwatetea, na mwaka 1989 marekebisho ya sheria ya mgambo yakawapa nafasi ya kisheria.

Njia zikawa salama zaidi. Lakini wapo pia waliopigwa na kuuawa bila kupata nafasi ya kujitetea, na miongoni mwao wanawake wazee walioitwa wachawi. Mtu aliyeyaona hayo yote akikaa mbele ya pazia na kumwona steringi akipakia bunduki, anajua uzito wa pande zote mbili.

Sauti iliyoongezwa

Video zilipoenea kuanzia katikati ya miaka ya 1980, kesi ilihamia vibandani. Runinga ya kawaida haikuwepo Tanzania Bara hadi 1994, kwa hiyo kanda ya VHS ilikuwa mfalme. Dar es Salaam akatokea Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, aliyezirekodi filamu za kigeni pamoja na maelezo yake ya Kiswahili. Ng'ambo ya ziwa, Uganda, kazi kama hiyo ilifanywa kwa Kiganda. Kenya akavuma DJ Afro. Mtafsiri wa aina hii peke yake alikuwa mke, mume, jambazi na mkuu wa polisi. Alieleza nani ni nani na kukumbusha dhuluma iliyofanywa mwanzo.

Wapo wanaosema watafsiri hawa waliharibu kazi za watu. Nawapinga, na shahidi wangu ni Italia yenyewe. Filamu za Kiitaliano za enzi hiyo zilipigwa picha huku kila mwigizaji akisema lugha yake. Sauti ziliwekwa baadaye studioni, mara nyingi na watu wengine kabisa. Hata katika toleo la Kiitaliano, mdomo unaouona na sauti unayoisikia huenda visiwe vya mtu mmoja. Sauti ya Kiswahili ilikuwa sauti nyingine iliyoongezwa, kwa watazamaji wengine.

Nayo iliwapa nafasi ya kuuliza wasichoulizwa na mwongozaji. Chukua Street Law. Castellari anatutaka tumfuate Carlo, mwenye kazi nzuri na gari. Lakini anayeuawa kabla ya mwisho ni Tommy, mwizi mdogo aliyeingizwa katika kisasi kisicho chake. Mhandisi anapata alichokitafuta, na kijana ndiye anayekilipia.

Kwenye benchi la mwaloni wamekaa vijana wengi ambao maisha yao yako karibu na ya Tommy kuliko ya Carlo: wanaotumwa usiku kwa mtumbwi wa mtu mwingine, wanaokuwa wa kwanza kushukiwa nyavu zikipotea. Wao wanajua kwamba sheria ikishakuwa mkononi mwa mtu, huwaangukia walio karibu. Kanuni ya zamani ni kweli, steringi hafi. Wanaolijua ziwa huongeza swali la pili kabla jenereta haijazimwa: sasa, nani alikufa badala yake?